Hesabu ya Waliomo Nyumbani

Boksi lilikuwa na mihuri yake yote miwili, zima kama lilivyotoka kiwandani, lakini vioo vya miwani iliyokuwa ndani vilikuwa na ukungu wa pumzi.

Mchora ramani aliufuta ukungu huo kwa kitambaa laini kilichokuja pamoja na chombo, akaviinua vioo kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika. Jina kamili la chombo hicho ni miwani ya uhalisia pepe, naye alilitamka kamili kila mara, ingawa mkewe aliiita "hiyo ndoo yako ya kichwani."

"Imetoka kwenye baridi ya stoo ikakutana na joto la chumba," alieleza. "Ndiyo maana imefanya ukungu."

"Joto gani?" mkewe aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi nimevaa sweta."

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Sebule waliigawa: meza ya michoro upande wa dirisha, cherehani upande wa mlango, na katikati yao lile sanamu la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Miaka ishirini na sita walifanya kazi hivyo, mke akisema na mume akinyamaza, na nyumba ilikuwa na amani.

Miwani aliinunua kwa sababu ya wateja. Wengi wao hawajui kusoma ramani. Ukiwaonyesha karatasi husema ndiyo, na ukuta ukishasimama husema hapana. Sasa mteja angeweza kutembea ndani ya nyumba yake kabla msingi haujachimbwa.

Aliivaa. Ilimlemea pua, na mkanda ulimbana kisogo kana kwamba ulikuwa umekwisha kupimwa kwenye kichwa kidogo kuliko chake. Alipoulegeza, giza likafunguka, akajikuta amesimama katika jiko alilolichora asubuhi ile. Akaona sinki na dirisha, na mwanga ukianguka sakafuni pale pale alipokusudia. Akanyoosha mkono aegemee ukuta, na kwa kuwa ukuta haukuwapo, nusura aanguke.

Mkewe alicheka hadi akasimamisha cherehani. "Ukianguka, anguka upande wako. Usinivunjie mashine yangu."

"Ni ajabu, mke wangu. Nimesimama jikoni kwa mteja."

"Basi usitoke bila kuosha vyombo."

Alitabasamu chini ya miwani. Kitu kimoja tu hakukipenda. Ndani mle palikuwa na harufu tamu iliyochacha, kama sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Alijiambia ni plastiki mpya.

Siku ya pili aliweka programu ya kupimia. Mtu akiivaa miwani na kutembea chumba kwa chumba, kamera zake huonyesha nyumba kama ilivyo, na programu huchora kuta zenyewe. Huwahesabu watu pia, isije ikawachanganya na samani. Kabla ya kuitumia kwa mteja wa Ijumaa, aliijaribu nyumbani kwake. Kuta zilitoka sawa mpaka sentimita ya mwisho. Chini ya mchoro paliandikwa: *Waliomo: 3.*

"Imelihesabu sanamu lako," alimwambia mkewe.

Wakalitoa sanamu ukumbini, wakafunga mlango. Tatu. Akakifunika kioo cha ukutani kwa shuka, maana kioo humzidisha mtu. Tatu. Akavuta pazia, akafuta kamera, akaizima na kuiwasha, akaifuta programu na kuiweka upya. Tatu. Akampigia simu shemeji yake, ndugu wa mkewe, fundi wa kompyuta ambaye ukoo mzima ulimwita Volti.

"Umeizima ukaiwasha?" Volti aliuliza.

"Mara nne."

"Jaribu ya tano, shemeji. Vitu hivi vina kiburi." Kisha akaacha mzaha. "Huyo wa tatu inamwonyesha wapi?"

Mchora ramani alitazama. Ilikuwa alama ndogo ya duara. "Nyuma ya kiti cha dada yako."

Volti alishusha sauti. "Usiguse mipangilio. Niko safari ya kazi, nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Umenielewa? Usiguse."

Lakini mteja alikuwa anakuja Ijumaa hii, na mchora ramani hakuweza kumwonyesha mtu chombo kinachokosea kuhesabu hadi tatu. Palikuwa na mahali pa kuandika mwenyewe idadi ya wakazi. Akatenda alilolitenda maisha yake yote ofisini: mchoro ukipingana na jambo analolijua mtu, hurekebishwa mchoro. Akaandika mbili. Mashine ikauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. *Wakazi wawili,* ikajibu, na alama moja ikafutika. Hakutazama ni ipi.

Ijumaa mteja alikuja, mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi, akatembea katika nyumba yake isiyokuwapo, akafurahi sana. Alipoondoka alimpita mke wa mwenye nyumba mlangoni bila kumtupia neno.

"Huyo mteja wako kanipita kama nguzo," mkewe alisema.

"Alikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Kakaa hapa saa mbili anasifia choo!"

Kesho yake mchora ramani alikunywa chai yote iliyokuwa kwenye birika. Mkewe alipouliza yake iko wapi, alishangaa kwa dhati, kwa kuwa lilikuwa halimo kabisa akilini mwake kwamba kuna mwingine wa kunywa. Jumapili aliufunga mlango wa nje kwa ufunguo mkewe akiwa uani anaanika nguo. Mkewe aligonga hadi majirani wakatoka, na hao majirani waliutazama mlango, wakatazamana, wakauliza ni upepo gani huo.

Tangu siku hiyo sauti ya mkewe ilianza kumfikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Maneno aliyasikia, lakini hayakumshika. Sauti nyingine ikawa karibu. Akiuliza kama chakula kiko tayari, iliitika nyuma yake, kwa upole: "Ndiyo, mume wangu." Akisema amechoka, ilisema: "Pumzika, mume wangu." Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kujibiwa hivyo. Ilikuja na harufu ya lile sanduku la nguo, naye, ni lazima isemwe, hakugeuka kuangalia. Alidhani mkewe hatimaye amelainika kwa umri. Alipendezwa, akaiambia asante.

Volti alifika Jumamosi, saa tisa mchana, na mkoba wa vifaa begani.

"Dada yuko wapi? Simu yake haipatikani siku tano."

"Si huyo anashona?" mchora ramani alisema bila kuinua kichwa kwenye meza yake. "Humsikii?"

Cherehani ilikuwa inalia kweli. Volti alisimama katikati ya chumba na mkoba ukamteleza begani taratibu, kwa sababu kanyagio lilikuwa linapanda na kushuka, na gurudumu lilikuwa linazunguka, na kitambaa cheupe kilikuwa kinaingia chini ya sindano kikinyooshwa na kukunjwa kana kwamba vidole vinakiongoza, na sindano ilipanda na kushuka bila uzi, ikitoboa matundu tu, mstari kwa mstari, mita kwa mita, kitambaa kikimwagika sakafuni kimejaa matundu kama ungo, na juu ya kiti hapakuwa na mtu.

"Shemeji," Volti alinong'ona. "Inuka polepole. Tazama kiti."

Mchora ramani alitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alitazama, na cherehani ikasimama.

"Uliandika nini?" Volti aliuliza kwa sauti ile ile ya chini.

"Mbili. Tuko wawili, nikaandika mbili."

"Hukuiambia ni wawili gani."

Volti aliichukua miwani mezani, akaipachika machoni kwa mikono miwili, akageukia cherehani. Hakumaliza hata pumzi moja. Aliivua akairudisha mezani kama mtu anayetua chungu cha moto.

"Dada yangu yumo. Yuko ukutani, anakupigia kelele. Na kwenye kiti chake..." "Kwenye kiti chake yupo pia."

Wakamleta Bibi Mafusho, mtabibu aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na kopo la makaa. Ilikuwa saa kumi, jua likiwa bado liko sebuleni. Hakupiga kelele wala kutikisa kichwa. Alitia ubani kwenye makaa, akazungukia pembe nne, kisha akavuta kigoda karibu na cherehani, akakaa kama anayesubiri zamu.

"Yupo," alisema. "Hawa hukaa vyomboni, mwanangu. Zamani ilikuwa mitungi. Nani aliyempa nafasi?"

"Mimi, bibi. Sikujua."

"Kutojua hakufuti. Neno la mwenye nyumba limekwisha toka. Mimi nitamshika asikimbie, lakini kuchagua nani abaki ni kwako."

"Nikiandika watatu, bibi? Mke wangu si atarudi?"

"Atarudi. Mtaishi watatu. Mtakula watatu na kulala watatu. Nyumba ni yako."

Volti alimtazama shemeji yake. "Usithubutu," alisema.

Mchora ramani akaivaa miwani, akashika kidhibiti chake mkononi. Ukiivaa, hata saa kumi ya jua huwa usiku wako peke yako. Giza lilipofunguka aliiona sebule yake, na mbele ya cherehani wamesimama wake zake wawili, bega kwa bega, sweta ile ile, tepu ile ile ya kupimia shingoni, na chini ya kila mmoja duara dogo linalowaka.

"Mtambue mkeo," sauti ya Bibi Mafusho ilimjia kutoka nje. "Umguse kwa hicho kidude cha mkononi. Mara moja tu."

Na hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, kwa sababu aliujua upana wa kila mlango wa nyumba ile na kina cha kila msumari, lakini alipotafuta alama ya mke wake, kovu lipo kidole gani, baka liko shavu lipi, nywele hugawanywa kulia au kushoto, hakuikuta, maana kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameisikia sauti yake huku macho yakiwa kwenye karatasi, na sasa wale wawili walimtazama na yeye akawatazama, na katika masikio yake pumzi ilivuta na kushusha, naye akabana pumzi yake mwenyewe ili ajue ni ya nani, na ile ikaendelea.

"Tulihamia hapa mwaka gani?" aliuliza.

Wakajibu kwa pamoja, mwaka na mwezi.

"Binti yetu alizaliwa na uzito gani?"

Wakajibu kwa pamoja, mpaka gramu.

"Usiulize," Bibi Mafusho alinong'ona. "Kila kilichosemwa katika nyumba hii anakijua. Haraka, mwanangu, makaa yanakufa."

Akaacha kuuliza. Akatazama, kama alivyopaswa kutazama siku zote. Wa kushoto alikuwa anamwangalia kwa macho ya huruma, kichwa kimeinama kidogo, mikono imenyooshwa kumpokea. "Mume wangu," ilisema sauti ya upole. "Njoo upumzike."

Wa kulia alikuwa amekunja mikono kifuani. Midomo ilikuwa imekakamaa na macho mekundu. Alikuwa na hasira ya mwanamke aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe akapiga kelele wiki nzima mumewe akinywa chai. Hakusema neno. Alikuwa amekwisha kuyasema yote.

Mchora ramani alimgusa mwenye hasira.

Yule wa kushoto hakubadilika uso. Tabasamu lilibaki vile vile wakati mwili ulipokuwa unakunjamana na kuingia ndani ya duara lake, na lilikuwa la mwisho kuondoka. Kisha kitu kikapita chumbani kwa kishindo, makaa yakazimika, na pazia la dirisha likang'oka na fimbo yake.

Alipoivua miwani, mkewe alikuwa juu ya kiti chake, amekonda, koo limekauka.

"Wiki nzima!" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Wiki nzima nakuita mpaka mate yameisha. Na wewe unalichekea! Unaliambia asante! Mimi asante yako niliisikia lini?"

"Dada..." Volti alianza.

"Nyamaza na wewe. Umechelewa wapi?"

Bibi Mafusho alifunika kopo lake. Mlangoni alimwita mchora ramani kando.

"Nimemtoa yule ambaye hukumgusa," alisema chinichini. "Kama ulichagua sawa au hukuchagua sawa, hilo mimi sikuliona. Macho yalikuwa yako."

Volti aliiponda miwani kwa nyundo siku ile ile, akavitupa vipande mahali alipokataa kupataja. Mchora ramani alirudia penseli na karatasi. Meza yake ameigeuza, sasa inatazama cherehani.

Mkewe hajamsamehe. Kila asubuhi humkaripia kuhusu chai, kuhusu mlango, kuhusu ile asante, na majirani wanaopita dirishani humhurumia mzee wa watu. Yeye husikiliza kila neno kwa makini, akiutazama uso ule, na karipio likiisha hushusha pumzi, akaendelea na kazi. Watu wakimwambia awe na subira, kwamba hasira ya mke huwa ina mwisho, huitikia kwa adabu tu. Hajamwambia mtu kwamba hakuna anachokiogopa duniani kama asubuhi ile atakapoamshwa kwa upole.