Kona ya Saba

Pii. Pii. Pii.

Mizuho alifumbua macho gizani akasikiliza. Sauti ilikuwa ikitoka nje, chini ya dirisha, pale gari lao linapolala, na hakuhitaji kuambiwa ni sauti ya nini, maana mwenye gari yeyote anaijua. Ni ile ya kumkumbusha dereva kwamba kuna mtu amekaa kitini na hajafunga mkanda. Lakini gari lilikuwa limezimwa tangu jioni, ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake karibu na mlango, na watu wa gari lile wote watatu walikuwa wamelala chumba kimoja: yeye, mumewe Tetsuro, na Nagisa, binti yao wa miaka mitatu, aliyekuwa amelala chali katikati yao.

Alinyata mpaka dirishani. Alipoweka tu mkono kwenye pazia, sauti ikakatika. Chini pale, taa ya barabarani ilikuwa inalimulika gari vizuri kabisa, vioo vyote vikavu, visafi, isipokuwa kimoja, cha nyuma upande wa kushoto. Kile kilikuwa kimejaa ukungu.

Kwa ndani.

Asubuhi jua likatoka kama hakuna kitu kilichotokea. Mizuho alifinyanga matonge ya wali, akayafunga kwa mwani, akajaza chai ya moto kwenye chupa, na Tetsuro akawa anazungukazunguka jikoni huku akipiga mluzi, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Novemba ndiyo watu wa huko Fukushima hupanda magari na kwenda milimani kuyaangalia majani yanapogeuka rangi, na familia ya Tetsuro haijawahi kuikosa tangu yeye akiwa mtoto.

"Mwaka huu tusiende, baba Nagisa," Mizuho alisema, akimpa mgongo. "Mtoto ana mafua."

"Mafua gani? Anakula kama askari." Tetsuro akaacha mluzi. "Leo mwaka mmoja, mama Nagisa. Tukamwekee Mama maua pale. Tukikaa nyumbani, watu watatuonaje?"

Mizuho akageukia matonge yake. Angesema nini? Mambo ya mwaka mmoja uliopita yalikuwa na sura mbili, moja wanaijua watu wote, nyingine anaijua yeye peke yake.

Ile inayojulikana ni hii. Mama mkwe wake, Fusae, mwanamke wa miaka themanini na tatu, alikuwa na nyonga mbovu na hakuutaka mkanda wa gari hata kidogo. Akikaa, gari linalia, pii, pii, na Tetsuro anaumwa kichwa. Basi Tetsuro akatafuta ujanja wake, akawa anaufunga mkanda kwanza, kiti kikiwa kitupu, halafu mama anakalia juu yake. Gari likanyamaza. Wakacheka wote siku hiyo, hata Fusae mwenyewe. Wakapanda kwenda mlima Kamanose, wakasimama kwenye kituo cha kupumzikia kilicho chini kabisa, kabla kona hazijaanza, wakala tambi. Fusae akaenda chooni. Saa kumi kasoro hivi kituo kilikuwa kinafungwa, waongoza magari wanapunga fimbo zao nyekundu, haya, haya, twende, tusizibe njia, na Tetsuro akauliza bila kugeuka, "Mama ameshaingia?" Mizuho akatupa jicho nyuma, akaona blanketi la Mama limevimba kitini. Akasema ndiyo.

Mkanda ulikuwa umefungwa. Gari halikulia.

Barabara ya kupanda Kamanose ni ya njia moja. Ina kona ishirini na nane, kila moja na kibao chenye namba, na kushuka unashukia barabara nyingine, upande wa pili wa mlima. Walipofika kona ya ishirini na moja Mizuho akapiga kelele kwamba Mama hayumo. Simu zilikuwa hazishiki. Kurudi haiwezekani, njia ni moja, mbele magari, nyuma magari, kwa hiyo wakaendelea hivyo hivyo hatua kwa hatua mpaka kileleni, wakashuka upande wa pili, wakazunguka, na saa tatu na dakika arobaini zikapita kabla hawajafika tena kwenye kile kituo. Giza. Theluji ya kwanza inadondoka. Kwenye benchi chini ya mti wa momiji, ule wa majani mekundu, palikuwa na ganda la chenza lililomenywa zima, limefunguka kama ua, vile alivyokuwa anamenya Fusae peke yake. Yeye hayupo. Walimtafuta siku tisa, hawakupata hata kiatu.

"Msijilaumu," kila mtu aliwaambia. "Barabara ni ya njia moja, mngefanya nini?"

Hiyo ndiyo wanayoijua watu.

Safari hii walifika kituoni saa nane. Pamejaa, watu wanapigana vikumbo wapate picha na momiji, na kweli mti ulikuwa unawaka, mwekundu mpaka unaumiza macho. Tetsuro akaweka maua yake meupe kwenye benchi, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akamgusa bega.

"Samahani, kaka. Hayo maua yanaingia kwenye picha yangu. Ukiyasogeza kidogo tu?"

"Oo, samahani, samahani sana," Tetsuro akasema, akainama mara mbili, akayachukua maua ya mama yake akayaficha nyuma ya benchi.

Mizuho akayaangalia maua pale chini. Hivi ndivyo tulivyo, akawaza. Mtu tunamsogeza asituharibie picha.

Alimfunga Nagisa kwenye kiti chake cha nyuma kwa mikono yake mwenyewe. Klak. Akauvuta mkanda mara mbili. Akafunga mlango, na milango ile ya nyuma ina kufuli la watoto, haifunguki kwa ndani. Kisha wakaondoka, na hawajafika hata kona ya kwanza, gari likaanza.

Pii. Pii. Pii.

Taa ndogo nyekundu ikawaka mbele ya Tetsuro. Nyuma, kushoto.

"Umeweka begi kile kiti?"

"Hakuna kitu."

"Labda waya." Akasimamisha gari, akashuka, akaenda kuufunga mkanda wa kiti kitupu kama alivyokuwa akifanya zamani. Gari likanyamaza. Aliporudi alikuwa anapangusa kiganja kwenye suruali.

"Nini?"

"Kiti kimelowa," alisema.

Magari yalikuwa yanatambaa. Nagisa alikuwa amefurahi, anasoma vibao, maana namba ndizo alizokuwa anajifunza. "Mbili!" Halafu kimya kirefu, breki, gia. "Tatu!" Harufu ya chenza ikajaa ndani ya gari. Mizuho hakuwa amebeba machenza.

"Nne! Bibi, sema na wewe. Nne!"

"Unasema na nani, mwanangu?" Tetsuro akauliza huku akicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Bibi ananimenyea."

Hakuna aliyegeuka. Tetsuro akawasha redio, ikawa inakoroma tu, akaizima.

"Tano."

"Sita."

Sauti ya mtoto ilikuwa inapungua kila kona. Mizuho akashika magoti yake. Kona inayofuata alikuwa anaijua kuliko anavyoijua sura yake. Kwa sababu ile sura ya pili ya mambo, ile ambayo hakumwambia polisi wala mumewe wala kaburi tupu la Fusae, ilikuwa hapo. Mwaka jana, kwenye kona ya saba, alitazama kioo akaona blanketi limenywea, limelala bapa, hakuna mtu chini yake. Aliona. Alijua hapo hapo. Na usiku wa jana yake Fusae alikuwa amemwambia mbele ya shemeji zake, "Wewe maziwa yako ni maji matupu, ndiyo maana mtoto kachelewa kutembea, kwetu hatukuoa mtu, tumeoa kivuli," na watu wakacheka. Basi Mizuho akatazama mbele. Gari lilikuwa kimya, kimya kitamu ambacho hakuwa amekionja tangu aolewe. Akajiambia, kona moja tu. Nikae hivi kona moja tu, halafu nitasema. Ikaja ya nane. Ikaja ya tisa. Akaona haya kusema amechelewa, akazidi kuchelewa.

Kona kumi na nne nzima, mpaka ya ishirini na moja.

Kibao cha saba kikatokea mbele. Nagisa hakukisoma.

Mizuho akatazama kioo.

Kiti cha mtoto kilikuwa kitupu.

Mkanda wake umefungwa. Umekazwa. Milango imefungwa. Gari halilii.

"Simama!" Sauti ilimtoka kabla hajavuta pumzi. "Simama, Tetsuro, mtoto hayumo!"

Tetsuro akageuka, uso wake ukaisha damu. Akapapasa chini ya viti, akalivuta blanketi la mtoto, akapapasa tena. Nyuma yao honi zikaanza. "Tuliondoka naye! Alikuwa anahesabu! Ngoja, ngoja, tufike juu, tuzunguke…"

"Tuzunguke nini?"

"Hatuwezi kurudi! Ni njia moja!"

Mizuho alishafungua mlango. Alikimbia kuteremka katikati ya magari yanayopanda, koti likipeperuka, kiatu kimoja kikabaki kwenye lami, watu wanatoa vichwa madirishani, dada una wazimu, dada utagongwa, na yeye hasikii, anahesabu vibao kinyumenyume. Sita. Tano. Nne. Majani mekundu yanamdondokea kichwani. Tatu. Mbili. Moja.

Dakika kumi na mbili.

Ndizo zilizokuwa zinatakiwa mwaka jana. Barabara ile ni ya njia moja kwa magari. Hakuna aliyewahi kusema ni ya njia moja kwa miguu.

Kituo kilikuwa kitupu. Wote wale, na kofia zao na kamera zao, hawapo. Kwenye benchi chini ya momiji alikuwa amekaa Nagisa, miguu inaning'inia, mdomo unang'aa maji ya chenza. Mapajani mwake lilikuwa ganda zima, limefunguka kama ua. Mizuho akalishika.

Lilikuwa na joto la mkono.

"Nagisa! Nani kakuleta huku? Nani?"

Mtoto alimwangalia mama yake kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi iliyochanika, taratibu, kama mtu mzima anavyomwangalia mgeni aliyekuja bila kualikwa.

"Bibi kasema," alisema, "kumbe mama yako miguu anayo."

Tetsuro alifika baada ya muda wa saa tatu na nusu, akiwa amezungukia upande wa pili kama sheria inavyotaka. Alimkumbatia mtoto akalia. Wakaingia garini, wakateremka mpaka taa za mji zikaonekana chini, na hapo Tetsuro akasema, macho barabarani, polepole, kama mtu anayepiga hesabu:

"Umekimbia ukafika baada ya muda gani?"

"Sikuangalia saa."

"Kutoka ya saba si mbali, kumbe." Akapunguza mwendo. "Mwaka jana uliona kwenye kona ya ngapi, mama Nagisa?"

"Ishirini na moja," Mizuho akajibu. "Si nilikuambia? Ishirini na moja."

Tetsuro akatikisa kichwa, akaendelea kuendesha. Mizuho alikuwa amekaa nyuma safari hii, amembana mtoto kifuani. Kushoto kwake mkanda wa kile kiti kingine ulikuwa umefungwa, lakini sasa ulikuwa umevutika mbele, umepinda, umebana kitu cha ukubwa wa mtu mzee mwembamba ambacho hakipo. Hakuugusa.

Nagisa akapanda magotini mwake, akaweka midomo baridi, yenye harufu ya chenza, kwenye sikio lake.

"Mama," akanong'ona. "Ni saba. Bibi kaniambia."

Mizuho akatupa jicho kwa Tetsuro.

"Kasema yeye mwenyewe atamwambia Baba, akimaliza kupumzika. Mimi nimemwahidi, simwambii mtu mwingine."