Makosa Arobaini ya Jumapili

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wakaguzi wa elimu waliwasha programu ya kufundishia hesabu. Ikachora nusu ya mkate, ikachora theluthi, ikaziunganisha na kumwambia mtoto aliyekaa mbele yake kwamba jumla ni mbili juu ya tano, badala ya tano juu ya sita. Mtoto akaandika hivyo hivyo, tena kwa furaha. Wakaguzi wakafunga mikoba yao wakaondoka bila kuipitisha.

Saa nne Inspekta wa polisi alipofika ofisini kwa watengenezaji wa programu hiyo, Mkurugenzi wao alikuwa ameshampatia mtuhumiwa.

"Mkamate huyu!" Alimnyooshea kidole msichana aliyeiunda programu, ambaye wote walimwita Fundi. "Masomo ya watoto arobaini wa majaribio yamebadilishwa jana saa tisa alasiri, kwa neno lake la siri. Unangoja nini?"

"Nangoja unyamaze," alisema Inspekta. Mama huyu hakupenda kuharakishwa, na hakujisumbua kulificha hilo.

Miaka mitatu yote Fundi aliimalizia kwenye programu hiyo, inayomsoma mtoto, ikajua anaelewa picha za namna gani, kisha ikamchorea za kwake peke yake. Sasa angelala mahabusu kwa ajili yake.

"Jana nilikuwa nyumbani, Afande. Peke yangu."

"Nani mwingine analijua neno lako la siri?"

"Hakuna. Ni tarehe aliyozaliwa mama yangu tu."

Mchoraji wa ofisi aliitwa. Wiki nzima alikuwa akitangaza kwamba anaiombea programu ife.

"Nilisema, na narudia! Imeninyang'anya kazi. Lakini sikuigusa."

"Nusu na theluthi, jumla ni ngapi?"

Mchoraji akakodoa macho. "Mimi huchora ninachoambiwa. Hesabu niliiacha shuleni."

Akafuata Mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya watoto wa majaribio. Alikuwa mjomba wake Fundi, na ndiye aliyemwingiza kazini hapo.

"Inaniuma, Afande, lakini mpwa wangu ana hasira. Majuzi tu aligombana na Mkurugenzi."

"Mjomba!"

"Nasema kweli, mwanangu."

Inspekta aliagiza masomo yote arobaini yachapishwe, akajifungia nayo. Mtoto mmoja ameambiwa sifuri nukta kumi na mbili ni kubwa kuliko sifuri nukta tano. Mwingine ameambiwa umbo lenye mzingo mrefu ndilo lenye eneo kubwa. Akamwita Fundi.

"Mtoto namba kumi na saba hukosea wapi?"

"Sijui. Mimi naona namba na asilimia tu."

"Na madaftari yao ya zamani, kabla ya programu?"

"Yako kabatini kwa Mjomba. Hatukuyaingiza kwenye programu."

Saa saba kamili wote walikuwa wamekusanyika. Inspekta aliweka kila daftari kando ya somo lake.

"Anayetaka kuharibu huvuruga tu. Huyu amempa kila mtoto kosa lake mwenyewe, lile alilokuwa akilikosea daftarini. Arobaini kwa arobaini! Mwalimu, nani ameyasoma madaftari haya zaidi yako? Na tarehe aliyozaliwa dada yako, unaijua au huijui?"

Mwalimu alimgeukia Mkurugenzi kwa chuki. "Uliniambia programu ikipita ukaguzi, mwezi ujao niondoke! Miaka ishirini na sita nafundisha, leo nipishe mashine?"

"Kwa nini makosa yao wenyewe?" aliuliza Inspekta.

"Kosa la ovyo mtoto atalishtukia. La kwake halioni." Alisema hivyo kama anayefundisha walimu wenzake, na Mchoraji akaguna kwa karaha.

Inspekta akatoa pingu. Hapo ndipo Mwalimu alipomkumbuka mpwa wake.

"Mwanangu, usimwambie mama yako. Unajua moyo wake ulivyo."

Fundi alisimama akilia waziwazi.

"Asubuhi ulikuwa tayari aambiwe mhalifu ni mimi. Hilo moyo wake ungelihimili, Mjomba?"

Mwalimu akanyoosha mikono ifungwe.