Kichri ya Watu Ishirini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dilshad alikaa uani nyuma ya duka la baba yake, Pyarali, akachagua choroko kwenye ungo. Alitoa vijiwe na punje mbovu, akamkabidhi mama yake ungo, kisha akakimbilia shuleni. Kazi yake ya jikoni iliishia hapo.

Mwaka huo, 1969, wazazi wa Kilwa Masoko walikuwa wakijenga darasa jipya kwa kujitolea.

"Jumamosi wazazi wataezeka," Mwalimu Ambrosi aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita. "Sisi tutawapikia hapa hapa shuleni. Nani ataongoza mapishi?"

Dilshad alinyoosha mkono. "Mimi, Mwalimu! Nitapika kichri, wali wa choroko. Nyumbani huwa napika kila Ijumaa."

"Vizuri sana. Watakuwa watu ishirini."

Rafiki yake Kidawa alimtazama kwa mshangao. Dilshad hakuwa na wasiwasi. Angemwomba mama yake aje kumsaidia. Kumbe siku iliyofuata, Jumatano, mama alisafiri kwenda Lindi kumwuguza dada yake. Nyumbani akabaki baba pamoja na bibi yake, Kulsumbai, ambaye Dilshad alimwita Dadima.

"Dadima, nimesema uongo shuleni," Dilshad alisema, machozi yakimlengalenga. Akaeleza yote.

"Kupika kichri utajifunza," Kulsumbai alijibu. "Uongo nao utauondoa mwenyewe. Haya, washa jiko. Mimi nitasema, wewe utafanya."

Akaketi kwenye kibao, asiguse mwiko. Dilshad alikaanga vitunguu na bizari kwa samli mpaka vikanukia, akatia manjano, kisha choroko zilizolowekwa. "Mchele usubiri," bibi alionya. "Choroko zilainike kwanza." Lakini siku hiyo Dilshad alizidisha maji, kichri ikawa uji. Baba alikula kidogo, akaomba maji ya kunywa. Ijumaa alirudia tena. Safari hii baba aliongeza sahani ya pili, na Dilshad akalala na furaha.

Jumamosi, sufuria kubwa ilitengwa juu ya mafiga. Dilshad aliwapangia wenzake kazi kama mpishi wa siku nyingi: huyu vitunguu, yule kuni, Kidawa maji. Nyundo ziligonga juu ya paa. Saa sita ilipokaribia aliingiwa na haraka, akamimina mchele bila kuonja choroko, ambazo alikuwa ameziloweka asubuhi hiyo tu.

Wazazi walishuka, wakanawa mikono. Dilshad akafunua sufuria na kuonja. Wali ulikuwa umeiva, lakini choroko zilikuwa bado ngumu.

"Pakua tu," Kidawa alinong'ona. "Wana njaa, hawatajua."

"Wataumwa matumbo," Dilshad alisema. Akaweka mwiko chini, akamwendea Mwalimu Ambrosi aliyesimama na wazazi.

"Mwalimu, chakula bado. Nimetia mchele mapema. Na sikusema kweli kwamba napika kila Ijumaa. Nimejifunza wiki hii, na leo ni mara yangu ya tatu. Naomba nusu saa nyingine."

Mzee Likwata, baba yake Kidawa, akacheka. "Mwanangu, mimi nimebakiza mabati mawili. Pika taratibu, nasi tukamalizie."

Wazazi wakapanda tena. Dilshad aliongeza maji ya moto, akapunguza kuni, akapalia makaa juu ya kifuniko. Kila baada ya muda alionja. Choroko zilipopondeka kwa ulimi, ndipo alipopakua. Kichri ilikuwa laini kupita kiasi, lakini ilinukia uwanja mzima. Mzee Likwata alikwangua sufuria mwenyewe.

Baada ya chakula Mwalimu Ambrosi aliwakusanya wanafunzi.

"Dilshad alikosea aliposema anajua jambo asilolijua," alisema. "Lakini alikaa akajifunza, na leo, alipoona chakula hakijaiva, alisema kweli mbele ya watu wazima. Kutojua si aibu, watoto wangu. Sema hujui, kisha ufanye bidii ujue. Mtu wa namna hiyo tunaweza kumwamini kwa kazi yoyote." Akamgeukia Dilshad. "Jumamosi ijayo tunapiga lipu. Watakuja watu thelathini. Utaweza?"

Dilshad alifikiri kidogo. "Watu thelathini sijawahi, Mwalimu," alisema. "Lakini nitaloweka choroko tangu Ijumaa."