Aliyeitika Korongoni

Mshale ulikuwa umegeuka. Walter Oduor aliuona asubuhi, juu ya jiwe alilolipaka rangi yeye mwenyewe, pale njia inapoacha mashamba ya mahindi na kuanza kuteremka korongoni. Mishale yake yote ilielekeza kwenye maporomoko ya mto Miriu. Huu sasa ulielekeza nyuma, nyumbani kwake. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kulizungusha jiwe lile peke yake, na nyasi zilizolizingira hazikuwa zimekanyagwa.

Alikwangua rangi, akachora mshale mwingine. Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walikuwa wakigombania chupa ya maji.

Walter alifundisha jiografia. Jumamosi aliwatembeza wanafunzi kwenye njia alizozipima mwenyewe katika vilima vya juu ya Pap Onditi. Hii ya korongoni alikuwa ameifunga tangu Aprili ya mwaka huo wa 1993, mke wake Adero alipoteleza kwenye kivuko mto ukiwa umefurika. Mwili haukupatikana. Siku hiyo ndiyo aliifungua kwa mara ya kwanza, kwa sababu mwalimu mkuu alimwomba, na kwa sababu hakutaka kuonekana mtu anayeuogopa mto.

Walipokuwa wakipanda kurudi, msichana aliyetembea nyuma ya wote aliuliza, "Mwalimu, yule mama hachoki? Tangu mtoni anatufuata tu."

"Mama gani?"

"Huyo wa leso ya..." Aligeuka. "Ai! Kwani amepita wapi?"

"Njaa hiyo, Lornah," mwenzake alisema. "Hata mimi naona chapati zikitembea."

Walicheka wote isipokuwa Walter. Hewa ilinuka tope la mtoni, na mto walikuwa wameuacha mbali chini.

Jioni hiyo Seline, binti yake wa miaka saba, aliisukuma sahani yake ya dagaa.

"Kula, mama," alisema Dorca, dada yake Walter, aliyehama Kaloleni kuja kumlea mtoto. "Omena hizi nimezitoa Usenge kwa mkono wangu. Unataka zirudi ziwani zikanisengenye?"

Kwa kawaida Seline angecheka. "Mama amesema nisile," alijibu. "Nikila cha huku nitakuwa mzito. Hataweza kunibeba kuteremka."

"Yawa! Mama gani?"

Mtoto alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Hapakuwa na mtu. Lakini pazia lilikuwa limelowa kuanzia chini hadi usawa wa magoti, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Siku zilizofuata Walter alifanya kila ambacho mtu wa elimu yake angefanya. Muuguzi wa zahanati alitoa dawa ya minyoo. Mchungaji aliombea nyumba, chumba kwa chumba. Seline aliendelea kukonda. Asubuhi walimkuta na mchanga katikati ya vidole vya miguu, mchanga mwekundu wa korongoni ambao haupatikani popote pale juu, na mchana aliketi kwenye ngazi ya mlango akizungumza polepole na mtu mwenye kimo cha Adero, kwa maana aliinua uso kiasi kile kile alichozoea kuuinua, akinyamaza kusikiliza, akitikisa kichwa, akicheka kidogo, na Walter aliyesimama nyuma yake alisikia maji yakidondoka kwenye udongo mkavu, tone baada ya tone, asione tone lolote.

Jambo ambalo hakumwambia Dorca ni kwamba alianza kuupenda mlio huo. Aliwahi kutoka shuleni mapema ili ausikie.

Dorca hakuhitaji kuambiwa. "Wewe unafikiri ni yeye," alimnong'oneza jikoni. "Na wewe ni mtu wa chuo kikuu! Adero angemnyima mtoto wake chakula? Adero yule?"

Walter alikuwa ametega sikio mlangoni.

"Mimi naenda kumwita Mama Selpha. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikirudi."

Mama Selpha aliwaombea wagonjwa, na alijua mambo ya kuzika kuliko wazee wengi. Hakuingia ndani. Alinusa pazia, akamtazama Seline, akamvuta Walter kando ya banda la ng'ombe.

"Mlipokwenda kumchukua Adero, nani aliita?"

"Mimi."

Mwili usipopatikana, watu wa pale huzika tunda refu la mti wa yago mahali pa marehemu. Mume husimama kando ya maji, humwita mkewe kwa jina, kisha hulibeba tunda hadi kaburini bila kugeuka. Walter alikuwa amesimama pale, tunda limemlemea mikononi.

"Uliita vipi?"

"Nilisema, njoo, twende nyumbani."

"Jina?"

"Halikutoka, Mama. Nilijaribu."

Mama Selpha alitazama kuelekea korongoni. "Mto ule umechukua wengi. Na mle kuna wengine ambao hawakuwahi kuwa watu. Umeita bila jina, basi ameitika aliyekuwa karibu. Kisha ukaifunga njia, akangoja. Juzi umemfungulia."

"Nifanye nini?"

"Teremka. Atakufuata, kwa sababu wewe ndiye uliyemwita. Ukifika majini mwambie, sikukuita wewe. Halafu panda. Usigeuke, usijibu, usimwite mtu."

"Na Adero? Nikimwita sasa, kwa jina lake?"

"Mlango ni mmoja. Ukimfungulia Adero, umemfungulia na huyo."

"Kwa hiyo abaki huko."

"Una mtoto mmoja, Walter," alisema Mama Selpha kwa upole.

Aliteremka alasiri hiyo hiyo, jua likiwa bado kali. Kwenye jiwe la mshale alizisikia nyayo, zenye maji, zikikanyaga alipokanyaga, na kadiri kuta za korongo zilivyosogea ndivyo harufu ya tope ilivyozidi kumkaribia shingoni, mpaka pumzi baridi ikawa inamgusa sikio na sauti ya Adero, ileile, isiyopungua chochote, ikawa inamwambia amechoka, ampokee mkono, amtazame walau mara moja. Aliingia majini hadi magotini.

"Sikukuita wewe," alisema.

Kitu kizito kilipita kando yake na kuzama bila kurusha maji. Harufu ikakatika.

Alianza kupanda. Ndipo ng'ambo ya kivuko sauti nyingine ilipotoka, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyenyamaza miezi mingi.

"Baba Seline. Mtoto amekula?"

Huenda ni yule yule, amebadilisha njia. Huenda siye. Hakugeuka. Sauti haikumsihi wala kumfuata. Iliuliza tena, na tena, kila kona ya njia, kwa wasiwasi wa mtu asiyejitakia chochote, na Walter alipanda akiwa ameuma midomo yake mpaka akaionja damu.

Nyumbani Seline alikuwa ameketi chini, sahani mapajani, akikomba mboga iliyobaki kwa vidole.

"Mtazame," Dorca alisema, akicheka huku machozi yakimtiririka. "Amemaliza na yangu!"

Walter alimshika mtoto kichwa. Kisha alitoka nje, akaenda kusimama pale njia inapoanzia. Huko chini swali lilikuwa likiendelea kuulizwa. Jibu alikuwa nalo sasa, neno moja tu, na alilishikilia mdomoni mpaka korongo likajaa giza.