Niliambiwa Mungu Ndiye Aliyenichagulia Mume

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa mtoto mmoja aliye hai. Kwetu ni Maretadu, wilaya ya Mbulu, katika familia ya wakulima wanaomcha Mungu. Haya ninayoyaeleza hata ndugu zangu wa tumbo moja hawayajui yote...

Nikiwa na miaka ishirini na moja nilipata kazi ya upishi katika shamba la ngano la serikali, huko Hanang. Enzi hizo shamba lilikuwa limechangamka! Matrekta yalinguruma tangu alfajiri, na ngano ilianzia nyuma ya jiko letu ikaenda mpaka macho yanachoka. Nililala chumba kimoja na Marselina, msichana wa kwetu Maretadu. Tulibatizwa pamoja, tuliimba kwaya pamoja, na alivaa nguo zangu kama zake. Nilimpenda kuliko dada!

Mwaka huo wanaume wawili walitaka kunioa. Wa kwanza alikuwa Gwandu, kijana wa kijijini kwetu aliyelima mahindi na maharage kwa maksai. Gwandu hakuwa na maneno mengi, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja kama anayeona aibu. Wa pili alikuwa Filipo, dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano pale shambani, mrefu, msafi, mzee wa kanisa mdogo kuliko wote. Filipo akisimama kuhubiri, watu walilia.

Moyo wangu ulikuwa kwa Gwandu. Lakini Filipo aliniambia ameonyeshwa katika maombi kwamba mimi ni mke wake. Ningebishaje? Tangu utoto nilifundishwa kwamba hakuna linalotokea ambalo Mungu hakulipanga kabla ya dunia kuumbwa. Je, kama ninamtaka Gwandu kwa tamaa yangu tu? Je, nikimkataa Filipo nitakuwa nimemkataa Mungu?

Nilikonda kwa mawazo. Ndipo Marselina akaniambia, “Kwa nini ujitese? Hata mitume walipiga kura. Tumwachie Mungu achague.”

Tulifunga siku nzima, tukaomba. Marselina akachukua maharage kwenye mfuko tuliotumiwa kutoka nyumbani. Haragwe jekundu lilikuwa la Filipo, la njano la Gwandu. Aliyaweka kwenye kikombe cha bati, akakiinua juu ya kichwa changu. Nikafumba macho, nikatia vidole... jekundu!

Niliomba turudie, maana moyo wangu ulikataa. Tukarudia. Jekundu tena!

Nililia, kisha nikakubali. Mungu akisema mara mbili, mwanadamu anabaki na nini cha kusema? Nilimpelekea Gwandu ujumbe kwamba asinisubiri. Nilimsimulia Filipo habari ya kura ile, akanioa baada ya mavuno. Mwaka uliofuata Marselina akaolewa na... Gwandu. Nilikwenda kuwapikia siku ya harusi yao, nikajiambia moyoni, tazama jinsi Mungu anavyopanga mambo!

Wasomaji wenzangu, katika nyumba ile sikupata amani hata msimu mmoja. Filipo alikuwa mtakatifu kanisani na mtu mwingine mlangoni kwake. Binti yetu Sesilia alikuwa hajaanza kutembea nilipogundua kwamba mume wangu ana mwanamke mjini Katesh. Nilipolia, hakukana wala kuona haya. Aliniambia, “Uliomba ishara mwenyewe, ukajibiwa mara mbili. Sasa unamlalamikia nani? Mlalamikie aliyekuchagulia!”

Maneno hayo yakawa kufuli langu. Kila nilipofunga mzigo ili nirudi kwetu, niliyasikia masikioni, nikafungua mzigo.

Mimba ya pili uchungu ulinishika masika, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mkunga wa kambi ya wafanyakazi alisema wazi kwamba nipelekwe hospitali haraka. Barabara zilikuwa matope meusi, lakini trekta na tela vilikuwa uani, na dereva mwenzake Filipo alikuwa tayari kunipeleka. Filipo akakataa! Alisema tuombe kwanza, kama Mungu ametaka mtoto aishi ataishi, na kama hakutaka, trekta haliwezi kumzuia. Yeye na wazee wenzake wa kanisa waliomba mpaka sauti zikawakauka. Wanawake wa kambi walipomfokea na kunipakia wenyewe kwenye tela, muda ulikuwa umekwisha. Mwanangu wa kiume alizaliwa bila kulia...

Filipo alisema pale kaburini kwamba Bwana ametwaa. Nami, nisamehewe, niliitikia “Amina.”

Baadaye shamba likaanza kudhoofika. Vipuri havikuja, kombaini zikaota nyasi magurudumuni, wafanyakazi wakapunguzwa, Filipo akiwa mmoja wao. Akaanza kunywa. Tulihamia chumba cha kupanga Katesh, nikawa nauza ndizi na nyanya sokoni.

Hapo sokoni ndipo nilipokutana na Marselina, siku ya mnada. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Nilimkimbilia kwa furaha, lakini yeye alinishika mikono, akanizuia. Akasema amekuja kunitafuta mimi, hakuja kununua kitu.

“Dada, kile kikombe,” alisema. “Maharage yote mawili yalikuwa mekundu.”

Sikumwelewa. Akarudia, machozi yakimtiririka. Alimpenda Gwandu tangu tukiwa wasichana. Aliogopa nitamchukua.

“Na tuliporudia?” nilimuuliza.

“Mara zote mbili,” alisema. “Gwandu hajui. Kila akinitendea wema nashindwa kumtazama. Nipige, dada. Nitukane. Fanya lolote!”

Sikumpiga. Nilikaa chini palepale, kati ya nyanya zangu. Ujana wangu wote nilidhani nabeba chaguo la Mungu... kumbe nilikuwa nabeba chaguo la Marselina!

Lakini hasira yangu haikuishia kwa Marselina. Nilimkasirikia Mungu! Alikuwa akiuona mkono ule ukitia maharage. Mimi nilifumba macho, yeye hakufumba. Kwa nini hakuuzuia?

Nilikwenda kwa mchungaji wetu, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alisema Mungu aliruhusu, basi nivumilie.

“Mchungaji,” nikamuuliza, “kuruhusu na kutaka ni kitu kimoja?”

Alivua miwani, akaifuta. “Sijui, mama,” akasema. “Nimehubiri habari hiyo miaka mingi, lakini kwa hili lako sijui.”

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Filipo hakuwa na shaka kama yeye. Nilipomwambia, alicheka. Alisema hata mkono wa Marselina ni Mungu aliyeusogeza, hivyo hakuna kilichobadilika.

Juma hilohilo akaleta habari nyingine. Amemwona mume wa Sesilia! Mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzima mwenye wake wengine, na Filipo alikuwa ameshakubali kwa niaba yetu. Alisema ameonyeshwa katika maombi. Maneno yaleyale!

Sesilia alikuwa na miaka kumi na sita. Alinifuata jikoni, ameshika mwiko. “Mama,” akaniuliza, “Mungu anataka nifanye nini?”

Nikasikia sauti yangu ikisema, “Wewe mwenyewe, mwanangu, unataka nini?”

Alinitazama kama nimesema lugha ngeni. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. “Nataka kusoma,” akasema. “Simtaki yule mzee.”

Asubuhi tulifunga mizigo mbele ya Filipo. Alitulaani, akasema tunapigana na Mungu. Lakini safari hii sikufungua mzigo.

Sasa tunaishi Maretadu, katika shamba la marehemu baba. Sesilia amerudi shule. Gwandu tunakutana kanisani, ananisalimu, naitikia. Sijamwambia. Yeye na Marselina wana watoto wanne, na siwezi kuwavunjia nyumba watoto wale. Hilo nimeliamua mwenyewe, na linaniuma kila Jumapili.

Bado namwamini Mungu, ingawa tunagombana. Zipo siku naamini ni yeye aliyenipa nguvu za kutoka, na zipo siku naona nilitoka kwa miguu yangu tu. Labda yote mawili ni kweli... nani ajuaye?

Lakini nawasihi, hasa ninyi mabinti. Ombeni, sikatai. Mkimaliza kuomba, fumbueni macho mchague wenyewe. Na mtu akikuambia Mungu amemwonyesha wewe, mwambie asubiri, nawe bado unazungumza na Mungu huyohuyo. Mtoto wangu amelala katika udongo wa Hanang kwa sababu watu wazima tulisubiri Mungu apande trekta lililokuwa uani.