Pumzi Inapokatika Usingizini

Kinyozi alikuwa amenyoa nusu ya kichwa cha mteja aliposinzia wima, mashine ikinguruma mkononi. Mteja akaruka kutoka kitini.

"Wee! Utaning'oa sikio!"

Mke wa kinyozi, anayeuza sabuni mlango wa pili, alikuja mbio akamshika mumewe mkono. Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Mumewe ana ugonjwa wa moyo. Dawa anameza bila kukosa, lakini presha haishuki, na sasa kutwa kucha anasinzia. Huyu mtu nitampoteza hivi hivi namwona, aliwaza.

Kesho yake waliongozana hadi kliniki ya moyo.

"Usiku analala vizuri?" muuguzi aliuliza.

"Fofofo!" mke alijibu. "Anakoroma mpaka mabati yanatetemeka."

"Mke wangu, mbona unaniaibisha?"

"Kukoroma huko huwa kunakatika?" muuguzi aliendelea.

"Kunakatika, ndiyo. Ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akitweta. Akinyamaza ndipo na mimi napata kausingizi."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Dada, akinyamaza hivyo, hapumui. Njia ya hewa imeziba kooni. Mwili unakosa hewa, moyo unahangaika, presha inapanda. Kukoroma hivyo si kulala vizuri."

Mke alimgeukia mumewe. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akishukuru mumewe anapokosa pumzi! Machozi yakamtoka.

"Usijilaumu," muuguzi alisema. "Tiba ipo."

Daktari aliagiza kinyozi apimwe akiwa amelala. Majibu yakathibitisha maneno ya muuguzi. Akapewa mashine ndogo yenye barakoa ya kuvaa akilala, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Aliambiwa pia alale ubavu, apunguze uzito, aache pombe, na dawa za moyo asiziache.

"Nivae hiki? Si nitafanana na mdudu!"

"Fanana na chochote, baba, mradi unapumua. Mimi ujane siutaki."

Mwanzoni barakoa ilimbana, akawa anaivua. Muuguzi akambadilishia saizi, ikamkaa vizuri. Taratibu akazoea. Kusinzia kazini kukaisha, na presha ikaanza kushuka.

Siku moja, wakiwa kwenye foleni ya kliniki, mwanamke mmoja alisema, "Mume wangu moyo unamsumbua, lakini usingizi anao! Anakoroma kama trekta."

Mke wa kinyozi akasogeza kiti. "Dada, hebu niambie. Huwa ananyamaza katikati?"

Yule mwanamke akashangaa. "Umejuaje?"

"Inuka," akamwambia, akimshika mkono. "Twende kwa muuguzi sasa hivi."