Kitambaa Chini ya Kitako

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumanne, fundi Bushiri alikutwa amelala chali katika karakana ya bunduki huko Mchafukoge, risasi imemwingia chini ya kidevu. Bunduki ya kuwindia ilikuwa ubavuni mwake. Aliyewapigia polisi simu ni Praful, mwenzake wa kazi kwa miaka thelathini, aliyesema ndiyo kwanza alikuwa anafika kazini.

Kufikia adhuhuri mtaa ulikuwa umeshahukumu kwamba Bushiri kajiua. Lisemwalo lipo, walisema, na matangani hawakufika watu kumi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Salma, mjane wake, alimwambia Inspekta Siwema jambo moja tu: kama mumewe kamkosea Mungu, aambiwe yeye, kama hakukosea, watu waambiwe.

Siwema alianza na mwenye bunduki, Abdulhamid, mwindaji mwenye leseni. Jumamosi alikuwa amegombana na Bushiri. Alitaka traiga, yaani kifyatulio, ilegezwe ifyatuke kwa kuguswa tu, na Bushiri akakataa kushuka chini ya mvuto wa kilo moja na nusu. Abdulhamid akaondoka kwa hasira, akasahau mfuko wake wa risasi juu ya meza ya karakana. Lakini asubuhi ile ya Jumanne alikuwa soko la Mchikichini akichagua viatu vya mtumba, na Mudi muuzaji alikuwa naye tangu saa moja.

Siwema akarudi karakanani. Akahakikisha bunduki ni tupu, akaning'iniza mfuko wa sukari wa nusu kilo kwenye traiga. Ikafyatuka kabla hajaachia mkono. Sakafuni aliona kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, chenye alama ya kitako cha bunduki. Akamgeukia Praful.

"Hiki cha nini, mzee?"

"Cha kulinda mbao, mwanangu. Bushiri hakupenda kitako kikwaruzike."

Praful alimkaribisha chai, nusu yake ikamwagikia kisahani. Kisha akamuuliza ni saa ngapi, na saa ya ukutani ilikuwa mbele ya uso wake. Siwema alimjibu, akanywa chai. Moyoni alikuwa akiwaza kwamba mtu anayejiua hajali mkwaruzo.

Salma, akiwa eda, alimweleza yaliyobaki. Traiga ikishatengenezwa, mwenye kazi ya chuma, yaani Praful, huingiza risasi bandia, iliyojazwa mchanga badala ya baruti na kupakwa hina. Mwenye kazi ya mbao, yaani Bushiri, hugonga kitako sakafuni mara tatu, ameinama juu ya mtutu kusikiliza kama itajifyatua.

"Hawafanyi peke yao kamwe," alisema Salma. "Kila mmoja humlinda mwenzake."

Saa kumi alasiri Siwema aliweka risasi mbili mezani mbele ya Praful, moja nyekundu kwa hina, nyingine ya shaba inayong'aa, ambayo baruti yake ilikuwa imeshatolewa.

"Nipe ya hina, mzee."

Mkono wa Praful ulizunguka juu ya meza, ukapapasa ya kwanza, ukapapasa ya pili. Akampa ya shaba. Siwema akairudisha kiganjani mwake, na mzee akajua. Akakaa chini polepole.

"Macho yangu yamekwisha tangu mwaka jana," alisema. "Wangejua, leseni ingeondoka. Chuma nilikisugua kwa kupapasa, nikazidisha. Risasi nayo niliitoa kwenye mfuko wa Abdulhamid, nikidhani ni mfuko wetu wa risasi bandia."

"Na ukawaacha watu waseme kajiua?"

"Niliogopa. Nikajiambia maiti hafungwi."

"Mkewe amefungwa, mzee."

Praful akalia. Siwema naye alimwonea huruma, akaichukia huruma hiyo. Alimwambia kituoni watakwenda, ila watapitia kwa Salma, Msimbazi, kwanza.

Nyumbani kwa Salma, Praful alisimama nje ya pazia la mlango, akasema yote kwa sauti, majirani wakisikia vibarazani. Walioshindwa kuja matangani waliinamisha vichwa. Alipomaliza, Salma aliuliza toka ndani mumewe alisema nini mwisho.

"Aliniuliza, 'Umeweka ya hina?'" Praful akashika kizingiti. "Nikamwambia ndiyo. Hakuangalia, shemeji. Miaka thelathini hakuwahi kuangalia."